Sauti Ifike Hadi Viti vya Nyuma



Mwananchi asiyesikia bajeti ikisomwa mkutanoni ni sawa na asiyehudhuria. Ndiyo maana fundi mitambo hutakiwa kuwahi ukumbini kabla ya watu.

Mikisa nyingi za kidijitali huipima sauti mara 48,000 kwa sekunde na kuigeuza tarakimu. Tarakimu hizo zina kikomo, nacho ni desibeli 0. Sauti inayokigonga hukatwa kilele, ikakwaruza masikio. Kuteremsha kitelezi baadaye hakurudishi kilichokatwa, bali hupunguza tu kishindo cha mkwaruzo. Kwa hiyo fundi humwomba msemaji azungumze kwa nguvu yake halisi (si ile “moja, mbili” ya kunong’ona), kisha huweka kiwango cha kuingizia sauti, wastani wake ukiwa takriban desibeli 18 chini ya kikomo. Mvumo ulio chini ya hezi 100 huchujwa.

Mluzi ukizuka, maikrofoni imenasa sauti ya spika na kuirudisha humo humo. Msemaji aisogeze mdomoni, na zisizotumika zifungwe. Mpangilio ukikamilika huhifadhiwa kwa jina la ukumbi, ili fundi wa zamu nyingine aukute.