Nyaya za Umeme Zinapovuka Mto: Mambo ya Kukaguliwa Kabla ya Nguzo Kusimikwa



Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na jiji linalokua linataka stima. Kituo kikubwa cha jirani ni Lessos, kule Nandi, ambako hukutana njia za Olkaria na Turkwel pamoja na ile ya kilovolti 400 iendayo Tororo, Uganda. Katika nyanda hizi za mito na vijito vingi, ni vigumu kuchora mstari wa umeme usiovuka maji mahali fulani.

Mto Sosiani hushuka kutoka upande wa Kaptagat, hupita katikati ya jiji, huungana na Kipkaren, kisha maji yake huishia Nzoia na Ziwa Victoria. Mabwawa ya Ellegirini na Two Rivers, yanayosaidia kulisha mifereji ya nyumba za Eldoret, yako upande wa juu wa mto huo. Udongo unaochimbuliwa ukingoni huko juu haubaki shambani kwa mtu. Hushuka na maji, na anayeulipia ni yule anayechota au kusafisha maji kule chini.

Waya wenyewe hauna ugomvi na mto. Madhara hutoka kwa miguu ya mnara, barabara ya kuleta vifaa, na miti inayokatwa ili nyaya zipite salama. Shimo la msingi likichimbwa kwenye mteremko na udongo wake kuachwa hapo, mvua moja ya Aprili inatosha kuushusha wote. Lori likifungua njia kutoka barabara kuu hadi ukingoni, njia hiyo hugeuka mfereji, na baada ya misimu michache huwa korongo. Mara nyingi barabara hiyo ya muda ndiyo huharibu zaidi, nayo ndiyo huandikwa kwa maneno machache katika ripoti.

Kuhusu miti kuna mvutano wa kweli. Njia ya kilovolti 132 huhitaji ukanda wa takriban mita 30, ya kilovolti 220 mita 40, na ya kilovolti 400 mita 60. Ndani ya ukanda huo miti mirefu haitakiwi, kwa sababu tawi likikaribia waya linaweza kuua mtu. Lakini ukingo wa mto ndio mahali ambapo mikuyu na mizambarau ya porini hushika udongo na kutia maji kivuli. Usalama unasema kata, mto unasema acha. (Mikaratusi iliyopandwa juu ya chemchemi ni habari nyingine, ikiondoka hiyo, wachache watalia.) Tathmini nzuri haikwepi mvutano huu. Inaeleza ni miti ipi itakatwa, ipi itapunguzwa tu, na kama visiki na mizizi vitaachwa vishike ardhi. Inaeleza pia kama ukanda utafyekwa kwa panga au kwa dawa ya kuua magugu, maana dawa hiyo mita chache kutoka majini ni jambo zito.

Dawa ya kwanza ya mvutano huo ni umbali. Minara mikubwa inaweza kuachana mita 300 na zaidi. Mto kama Sosiani unaweza kurukwa kwa hatua moja, mguu mmoja ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile, yote miwili mbali na ukingo. Kwa hiyo swali la kuuliza mkutanoni ni fupi: kwa nini mnara huu umesimama hapa, na si mita mia moja nyuma? Jibu likiwa ni mwamba au kinamasi, sawa. Jibu likiwa ni kwamba hapa barabara iko karibu, endeleeni kuuliza.

Nguzo za mbao za njia ndogo zina shida yake. Haziwezi kuachana sana, na mbao nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromu na arseniki ili zisioze. Nguzo ya namna hiyo haifai kusimikwa kwenye chemchemi wala mahali pa kunyweshea mifugo. Ya zege hugharimu zaidi, lakini kando ya maji gharama hiyo ina sababu. Transfoma nayo isiwekwe ukingoni: wezi wakiifungua au ikipasuka, mafuta yake huenda moja kwa moja mtoni.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi ndani ya eneo la ukingo linalolingana na upana wa mto, lisilopungua mita 6 na lisilozidi mita 30 kila upande. Kijito cha mita 4 kilipata mita 6. Mto wa mita 15 ulipata mita 15. Kipimo kilianzia alama ya juu kabisa ya mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Hapo ndipo wenyeji wanajua kuliko mtaalamu. Anayekuja Januari hukuta kijito ambacho mtoto hukiruka. Mzee wa hapo anajua maji yalifika kwenye jiwe lipi, na Agosti mahindi yalizama hadi mstari upi. Mwonyesheni alama hiyo, na mhakikishe imeandikwa.

Ndege pia wahesabiwe. Korongo taji, yule mwenye taji la dhahabu kichwani, aliorodheshwa duniani mwaka 2012 kuwa yuko hatarini kutoweka, na kugonga nyaya ni mojawapo ya yanayomuua. Hulala na kutaga kwenye maeneo chepechepe, hula mashambani, na huruka kati ya hayo alfajiri na jioni, mwanga ukiwa hafifu. Waya mwembamba wa juu kabisa, unaokinga radi, ndio asiouona. Njia ikipita karibu na mahali kama Marura, wenye mradi waulizwe kama waya huo utavikwa alama.

Njia kubwa za umeme zimo katika Jedwali la Pili la Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, hivyo haziwezi kuanza bila leseni ya NEMA. Kanuni za mwaka 2003 zilitaka mikutano ya wananchi isiyopungua mitatu. Kuweka sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria si kukubali mradi. Msemaji aombe hoja yake iandikwe kwenye kumbukumbu. Ripoti ikishapelekwa NEMA, tangazo hutoka magazetini na redioni, nayo maoni hupokewa kwa muda uliotajwa humo. Maoni yenye nguvu hutaja mahali: namba ya mnara, jina la kijito, chemchemi inayotumiwa na nyumba ngapi.

Leseni ikitolewa na mtu akaona haki haikutendeka, anaweza kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, si tangu tingatinga lilipofika shambani.