Tubakize kichwa kimoja cha treni



Mlima Rungwe tunaujua sote tunaoishi Mbeya. Wachache ndio wanaojua kwamba kiliwahi kuwapo kichwa cha treni chenye jina hilo.

Katika miaka ya 1950 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza kutoka Manchester, Uingereza, vichwa 34 vya mvuke, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani zaidi ya 250. Vilipewa majina ya milima yetu, na hapakuwa na vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuvizidi katika reli zote za upana wa mita moja duniani. Leo vimebaki viwili tu, Mount Gelai na Mount Shengena. Vyote viwili vina majina ya milima ya Tanzania, lakini vimehifadhiwa Nairobi, ambako makumbusho ya reli yalifunguliwa mwaka 1971. Mount Rungwe haipo tena.

Wala haikuwahi kupanda kuja kwetu. Reli ya mita moja, iliyoanzia Tanga mwaka 1893 wakati wa Wajerumani, haikufika Mbeya. Reli iliyotufikia ni TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa Julai 1976. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na nchi za kusini, ili mabehewa yapite moja kwa moja. Kwa hiyo pale Kidatu, inapokutana na reli ya mita moja, tofauti ni milimita 67. Haizidi vidole vinne, lakini behewa haliwezi kuvuka. Mzigo sharti uhamishwe.

Kwa wataalamu wa dunia, zote mbili ni reli nyembamba. Reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 ina milimita 1,435. Lakini wembamba si unyonge. Kati ya Mlimba na Makambako, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa ukingoni mwa mkoa wa Iringa, reli hii nyembamba ilipandishwa milimani kwa mahandaki na madaraja. Vijana wetu na Wachina walifanya kazi hiyo bega kwa bega, na wapo waliopoteza maisha.

Septemba 2024, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya kuifufua TAZARA. Jambo jema. Lakini kila kipya kinapoingia, cha zamani huitwa chuma chakavu. Ndivyo tulivyoipoteza Mount Rungwe: hakuna aliyesema iachwe.

Basi mimi naomba mapema. Kibaki kichwa kimoja cha dizeli cha miaka ya mwanzo, na behewa moja la abiria la daraja la tatu, kwenye stesheni ya Mbeya, chini ya paa, watoto wapande na kushika.

La pili halihitaji fedha nyingi. Ulaya na Marekani wapo watu wazima wanaojenga reli za mfano mezani, na hawaoni haya. Ukiigawa TAZARA kwa 64, upana wa reli unakuwa milimita 16.7. Watoto wetu wanaotengeneza magari kwa waya, maboksi na visoda hawatashindwa. Shule ya ufundi ya Mbeya au Iringa ikijenga kipande cha Mlimba hadi Makambako, na wazee waliofanya kazi huko wakaitwa kusahihisha pale handaki lilipokosewa, tutapata reli ya mfano na historia kwa pamoja.

Reli inaweza kusubiri ukarabati. Wazee hao hawawezi kusubiri.

Kwaherini, hadi juma lijalo.