Nguzo za Nyumba na Joto la Ardhi

 Leo, ndugu wanafunzi wa Kemondo, tutazungumza habari za nguzo zilizofukiwa ardhini.

Ukichota maji ya kisima kirefu alfajiri, utayaona yana uvuguvugu. Ukiyachota saa saba mchana, utayaona baridi. Je, maji yamegeuka? La, hewa ndiyo iliyogeuka. Chini ya mita 10 hivi, joto la udongo karibu halibadiliki mwaka mzima. Kwetu ni nyuzi 21 hivi, au zaidi kidogo.

Jengo kubwa likiwa juu ya udongo laini, husimamishwa juu ya nguzo za zege zinazoshuka mpaka ardhi ngumu. Tangu miaka ya 1980, mafundi wa Austria na Uswisi hufunga mabomba ya plastiki kwenye nondo za nguzo hizo kabla ya kumwaga zege. Kisha pampu huzungusha maji ndani yake. Majira ya baridi, maji hupandisha joto la ardhi, na mashine huliongeza ili nyumba ipate moto. Majira ya joto, maji hushusha joto la nyumba chini. Katika uwanja wa ndege wa Zürich, jengo moja lina nguzo kama 300 za namna hii.

Msichanganye jambo hili na Olkaria, Kenya. Kule mvuke wa moto hutoka chini sana, nao huendesha mitambo ya umeme.

Je, na sisi tuige nguzo hizo? Angalieni. Kule Uswisi ardhi ni kama sanduku la akiba: majira haya waweka joto, majira yale walitoa. Kwetu hakuna majira ya baridi kali. Tukijenga ghala la samaki bandarini, tutaweka joto kila siku bila kulitoa. Haba na haba hujaza kibaba. Udongo utapata joto mwaka hata mwaka, na mashine itakula umeme zaidi. Maji yapitayo chini ya ardhi huweza kulichukua joto hilo, lakini lazima yapimwe kwanza.

Basi, mtu akitaka kukuuzia nguzo hizo, muulize: “Baada ya miaka 10, joto litakuwa limekwenda wapi?” Kwa nyumba ya kuishi, kivuli, baraza na madirisha yanayoelekeana vyatosha.

Maswali:
1. Kwa nini maji ya kisima huonekana baridi mchana?
2. Mabomba hufungwa wapi?
3. Kwa nini ardhi ya Kemondo ingezidi kupata joto?

Kwaherini mpaka somo lijalo.