Umegongwa Ukiwa kwenye Bodaboda: Bima ya Nani Inalipa?

Msikilizaji, gari likikugonga ukiwa kwenye bodaboda, wa kukulipa ni bima ya dereva mwenye kosa, hata kama ana ile bima ndogo tu (ya mtu wa tatu). Sheria ya Tanzania inamlazimu kuwa nayo kwa ajili ya watu kama wewe. Kwa hiyo piga picha namba za gari kabla halijasogezwa, mwite trafiki, chukua fomu ya polisi ya PF3, nenda hospitali. Na yale ya “tumalizane hapa hapa, shika hii 50,000”? Mguu uliovunjika hautibiwi kwa pesa hiyo! Tunza kila risiti. Kampuni ya bima ikikuletea hati ya malipo ya mwisho, usisaini kabla matibabu hayajakamilika. Ukishasaini, umefunga dai. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.