Msako wa Usiku na Wajibu Wetu



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika siku hii tukufu ya Ijumaa, na twamwomba amfikishie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Twaziusia nafsi zetu, kisha twawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo twataka kuzungumza juu ya misako ya polisi katika mabaa na majumba ya starehe, na hasa juu yetu sisi tusiokamatwa: twasema nini na twatenda nini habari zake zitufikiapo. Huenda mtu akauliza, hayo yatuhusu nini sisi wa Kiruruma, tunaoishi kati ya migomba na mibuni, mbali na fukwe na mahoteli? Yatuhusu, kwa kuwa watoto wetu wamekwenda kutafuta riziki katika miji hiyo. Na hata hapa kwetu, kahawa ikisha kuuzwa na fedha zikiingia mifukoni, vilabu vya pombe hukesha.

Ulevi na zinaa ni haramu, wala hatuna ruhusa ya kuyageuza hayo. Serikali nayo ina wajibu wa kulinda usalama, na askari amwokoaye binti mdogo aliyetiwa kwa nguvu katika biashara ya mwili wake afanya kazi ya heri. Mwenye baa anayepinga kila msako kwa kuhofia faida yake tu, huyo hatumtetei. Lakini kuuchukia uovu hakutupi ruhusa ya kumdhulumu mtu. Aya ya 8 ya Sura ya Al-Maida yatuonya kwamba chuki yetu kwa watu isituvute tukaacha uadilifu.

Na tuyatazame yaliyopita. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudia kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Siku hiyo haijawadia, makundi ya vijana wa Kariakoo, Dar es Salaam, yalikwisha kuwashambulia wanawake penye vituo vya mabasi, ikabidi polisi waje kuwatawanya. Waliodai kuilinda heshima ya mwanamke ndio walioivunja hadharani. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, waliodhaniwa kuwa wazururaji walikamatwa mijini, na wengi wakarudishwa vijijini. Na mwezi wa Juni 2024, wanawake walipokamatwa katika Wilaya ya Ubungo kwa kudhaniwa kuwa makahaba, taifa liligawanyika: wengine walishangilia, wengine, wakiwamo wanasheria, wakauliza haki zao ziko wapi.

Ndugu zangu, neno la kushika hapa ni hilo "kudhaniwa". Katika Sura ya Hujurat, aya ya 6 yatuamuru tuichunguze habari kabla ya kumdhuru mtu, na aya ya 12 yatukataza dhana mbaya, upelelezi wa aibu za watu na kusengenyana. Katika Sura ya Nur, amsingiziaye mwanamke mwenye kujihifadhi jambo la zinaa, asilete mashahidi wanne, adhabu yake ni mapigo 80, na ushahidi wake haupokelewi tena. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo: Ibara ya 13 ya Katiba yakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosa kabla hatia yake haijathibitika.

Basi tujiulize. Picha ya binti aliyekamatwa ikitufikia katika simu, tukaituma kwa wengine, tunao mashahidi wanne? Pengine alikuwa mhudumu anayeosha bilauri, au abiria aliyechelewa gari. Na hata akiwa mkosa, mbona wanaume waliokuwa wakimnunua hatuwataji? Walitoka kwa mlango wa nyuma, na asubuhi wako nasi barazani wakimcheka. Tena askari amkamataye mtu ili apewe chochote kisha amwachie, huyo hakuondoa uovu. Amejitafutia sehemu yake ndani yake.

Twawausia mambo mepesi kuyasema, mazito kuyatenda. Mtoto wa jirani akikamatwa, wazee waende kituoni, waulize kosa lake, wamwekee dhamana akistahili. Akirudi nyumbani, asikute wimbo wa kejeli njiani. Apewe kishamba cha kulima au cherehani ya kushonea, na zaka yetu imfikie akiwa maskini. Mlango ukifungwa kijijini, atarudi kule kule alikotoka, na sisi tutakuwa tumemsindikiza.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu, uzizuie ndimi zetu na dhuluma, uwape viongozi wetu na askari wetu uadilifu, na uwarejeshe watoto wetu katika njia ya heri. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.