Bizari ya Samaki Itengenezwayo Nyumbani

Mazungumzo kwa watu wa visiwa vya Lamu



Katika visiwa vya Lamu, tangu Shela mpaka Kiwayu, ni vigumu kuona nyumba isiyojua kupika samaki. Watoto wa Amu, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini huwajua samaki kwa majina kabla hawajajua kusoma: changu, tewa, tafi, kolekole, nguru na jodari, na hali kadhalika pweza, ngisi, kaa na kamba. Waliochimbua mji wa kale wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuta mifupa ya samaki miongoni mwa mabaki ya chakula cha watu walioishi huko zaidi ya miaka elfu iliyopita. Basi huenda mtu akauliza, kuna haja gani ya kuwafundisha watu wa bahari mapishi ya samaki?

Jawabu ni kwamba mazungumzo haya si ya samaki hasa, bali ni ya bizari itiwayo katika samaki. Zamani kila nyumba ilinunua viungo vizima, ikavikaanga na kuvitwanga. Siku hizi nyumba nyingi hununua bizari iliyokwisha kuwa unga, ndani ya pakiti au kikopo chenye picha nzuri, na mnunuzi hajui ni nini hasa kilichosagwa humo, wala kilisagwa lini.

Viungo vingi havina asili yake katika pwani hii. Pilipili manga na iliki asili yake ni kusini ya Bara Hindi. Mdalasini bora ni wa Sri Lanka. Karafuu zilitoka katika visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali, kabla hazijapandwa Unguja na Pemba. Hata pilipili kali, ambayo watu wengi hudhani ni ya hapa tangu zamani, asili yake ni Amerika, wala haikujulikana Afrika ya Mashariki kabla ya Wareno, ambao merikebu zao zilifika pwani hii kwa mara ya kwanza mwaka 1498. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalileta viungo hivyo vikiwa vizima, na ilikuwa na sababu. Harufu na ladha ya kiungo imo katika mafuta yaliyofichika ndani ya punje. Maadamu ganda ni zima, mafuta hayo hukaa miaka miwili au mitatu. Punje ikisagwa, hewa huingia kila mahali, na baada ya miezi michache hubaki unga wenye rangi tu. Mama wa nyumba akiona mchuzi hauna ladha huongeza kijiko cha pili na cha tatu, na kumbe anachoongeza ni kama vumbi.

Lakini kupotea kwa harufu ni hasara ndogo. Lililo kubwa zaidi ni udanganyifu. Mfanya biashara asiye mwaminifu aweza kuchanganya bizari na unga wa nafaka ili uzito uongezeke, na hilo ni wizi wa mfuko tu. Mwingine hutia rangi, na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2005 huko Uingereza mamia ya vyakula yaliondolewa madukani kwa sababu pilipili ya unga iliyotumiwa ilikuwa imetiwa rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula. Huko Bangladesh mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wasafishaji wa manjano walikuwa wakiipaka mizizi rangi yenye madini ya risasi, ili ing'ae na kuvutia wanunuzi. Risasi hiyo huingia katika damu, na mtoto mdogo ndiye huumia zaidi, kwa kuwa hudhuru ubongo unaokua, na akili iliyodhurika hivyo hairudishwi na dawa. Mwaka 2019 wataalamu waliipima manjano ya masoko ya nchi hiyo, wakaona sampuli 47 katika kila 100 zina risasi. Serikali ikawaonya watu, ikawatoza faini wauzaji na kupeleka vyombo vya kupimia sokoni. Na ilipofika mwaka 2021 haikuonekana hata sampuli moja yenye risasi. Habari hiyo yafaa ikumbukwe kwa pande zote mbili: jinsi uovu ulivyoenea, na jinsi ulivyokomeshwa upesi watu walipoujua.

Rangi ya namna hiyo haijulikani kwa macho wala kwa ulimi. Kwa hiyo mnunuzi aogope manjano iliyo na rangi kali kupita kiasi, ikiwa ni unga au ikiwa ni mizizi mikavu. Mzizi mkavu wa kweli una ngozi iliyofifia, tena yenye makunyanzi. Njia iliyo salama zaidi ni kununua manjano mbichi sokoni na kuikausha nyumbani. Huoshwa, huchemshwa mpaka iwe laini, ikakatwa vipande vyembamba, ikaanikwa juani siku nyingi mpaka kipande kikivunjwa kilie kama kijiti kikavu. Vipande na vianikwe juu ya mkeka ulio kitandani, wala si chini mchangani. Pilipili nazo vivyo hivyo, kwa sababu pilipili iliyokauka juu ya ardhi yenye unyevu hushika ukungu, na ukungu mwingine huacha sumu isiyoondoka hata ikipikwa.

Sasa vipimo. Kwa bizari itakayotosha kupikia kilo tano hivi za samaki, mama wa nyumba atwae giligilani, ambazo wengine huziita dania, vijiko vikubwa 4, bizari nyembamba vijiko vikubwa 2, pilipili manga kijiko kikubwa 1, iliki 8, karafuu 5, mdalasini kipande cha urefu wa kidole, uwatu nusu ya kijiko cha chai, pilipili kavu 4, au zaidi kwa wapendao ukali, manjano iliyosagwa kijiko kikubwa 1, na tangawizi kavu iliyosagwa kijiko cha chai 1. Anayepika pilau ataona karafuu na mdalasini ni kidogo mno. Ndivyo ipasavyo. Nyama ya ng'ombe yaweza kustahimili karafuu nyingi, lakini samaki hushindwa nazo, na tewa mzuri akazidiwa na karafuu hawezi kutambulikana na samaki mwingine yeyote.

Kikaango kiwe kikavu kabisa, na moto uwe mdogo. Kila kiungo kikaangwe peke yake, wala visitiwe vyote pamoja kwa ajili ya kuharakisha kazi, maana giligilani ni nene na huchukua muda, na bizari nyembamba huungua mara moja. Uwatu utazamwe kwa uangalifu. Ukiungua huwa mchungu kama shubiri na kuharibu yote yaliyobaki. Alama ya kutosha ni harufu kupanda na rangi kuanza kugeuka kidogo, si moshi. Manjano na tangawizi za unga hazikaangwi. Kisha viungo vitandazwe katika sinia mpaka vipoe kabisa, kwa sababu vikisagwa vingali na moto hutoa mvuke, na mvuke huo hugeuka unyevu ndani ya chupa.

Kutwanga kwa kinu na mchi ni kazi ya mikono, lakini hakupashi viungo moto. Mwenye mashine ya kusagia asage kidogo kidogo, akipumzisha. Unga uchekechwe, na chenga zirudishwe kinuni. Mwisho hutiwa manjano na tangawizi, vikachanganywa mpaka rangi iwe moja.

Chumvi isitiwe. Wengine huitia wakidhani kwamba itahifadhi bizari, lakini chumvi huvuta maji yaliyo hewani, na hewa ya visiwani ina maji ya kutosha bila kuitiwa. Bizari itiwe katika chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko cha kubana, na iwekwe kabatini penye giza, maana mwanga hufifisha rangi ya manjano. Iko desturi moja mbaya sana, nayo ni kukung'utia chupa juu ya chungu kinachochemka: mvuke hupanda ukaingia chupani, na baada ya wiki bizari imegandamana. Atumie kijiko kikavu. Wakati wa masika, tangu mwezi wa Aprili mpaka Juni, afadhali kutengeneza nusu ya vipimo hivi.

Hata hivyo, bizari iliyo bora kupita zote haimfufui samaki aliyeharibika. Mavuno ya Kizingitini na Faza yana safari mpaka yafike soko la Amu, na chombo kikubwa hakina budi kungojea maji yajae ndipo kipite mlango wa Mkanda. Samaki asiyetiwa barafu katika safari hiyo, na jua linawaka, huanza kubadilika. Jodari, sehewa na nguru wana hatari yao ya pekee: wakikaa katika joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini. Mlaji hupata joto la uso, wekundu, kuwashwa, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, pengine kabla hajaondoka penye sinia. Watu husema samaki huyo ana mzio, au mlaji amerogwa. Na kitu hicho hakiondoki kwa kuchemsha, kwa kukaanga, kwa ndimu wala kwa pilipili. Tena samaki aweza kuwa nacho kabla hajaanza kunuka. Dawa yake ni barafu tangu samaki atolewapo majini. Mnunuzi aangalie macho yawe maangavu, mashavu ya ndani yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi. Muuzaji asemaye, "Tia bizari nyingi tu, mama, hutasikia kitu," anajua anachokiuza.

Samaki akiwa mzima na bizari ikiwa tayari, kazi iliyobaki ni nyepesi. Kwa kilo moja ya samaki hutosha vijiko vikubwa viwili vya bizari, na kitunguu saumu na tangawizi mbichi vilivyopondwa, chumvi, na maji ya ndimu mbili. Akae nusu saa. Akikaa na ndimu saa nyingi nyama hugeuka nyeupe na kuwa ngumu, kana kwamba imepikwa. Kamba wadogo huwatosha robo saa, na bizari yao ipunguzwe, kwa kuwa utamu wao ni mwororo. Kamba mawe na kaa hali kadhalika. Pweza ni kinyume chake. Huyo kwanza hupigwa na kuchemshwa mpaka alainike, ndipo atiwe bizari, na huhitaji nyingi.

Bizari haipendi maji matupu. Harufu yake na rangi ya manjano hutoka vizuri katika mafuta, na kwa hiyo yafaa itangulie kukaangwa kidogo pamoja na kitunguu kabla ya kutiwa kitu kingine. Tui la nazi lina mafuta, na hapo ndipo ilipo siri ya samaki wa kupaka. Samaki huchomwa juu ya makaa huku upande wa pili tui zito likichemshwa taratibu pamoja na bizari, kitunguu saumu, pilipili na ukwaju, mpaka lishikane na mwiko. Kisha hupakwa upande mmoja, akarudishwa motoni, akageuzwa na kupakwa tena, mara tatu au nne, mpaka tui lianze kuungua kidogo kwenye pindo. Tui likianza kutengana na kutoa mafuta kabla ya wakati, moto ulikuwa mkali. Litiwe kijiko cha tui jepesi na kukorogwa upande mmoja.

Wako wanawake ambao bizari yao husifiwa na majirani, na wangeweza kuiuza. Pakiti na iandikwe viungo vyote vilivyomo na tarehe ya kusagwa. Atakayetaka kuipeleka madukani aulize kwanza masharti ya Shirika la Viwango la Kenya, na kutoka kila mkupuo aweke chupa moja ndogo nyumbani, ili mnunuzi akirudi na malalamiko kiwepo kitu cha kulinganishwa.