Mchagua Jembe Si Mkulima: Gitaa na Kisanduku cha Milio



Simama jioni ya mwisho wa wiki nje ya ukuta wa ukumbi wowote wenye bendi ya vijana, utege sikio. Besi utaisikia. Ngoma utazisikia. Kinanda utakisikia, na mwimbaji pia. Gitaa la solo je? Mara nyingi utasikia kitu kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo; panavuma, panakwaruza, lakini wimbo wenyewe haushikiki. Ukiingia ndani utakuta mpigaji ni hodari, vidole vinakimbia sawasawa juu ya nyuzi, na miguuni pake pana kisanduku cheusi chenye taa nyekundu na kijani. Wazee wa dansi watakuambia kwamba kosa ni la kisanduku hicho, kwamba ndicho kilichoua gitaa. Leo napenda tukizungumze, maana naamini kinasingiziwa.

Kisanduku chenyewe ni prosesa ya efekti. Gitaa la umeme hutoa umeme mdogo sana kila uzi unapotikisika. Prosesa huupima umeme huo mara nyingi ajabu, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo hukigeuza kuwa tarakimu. Kompyuta ndogo iliyomo ndani hufanya hesabu juu ya tarakimu hizo, kisha huzirudisha kuwa umeme unaokwenda kwenye spika. Mwangwi ni hesabu. Mkwaruzo ni hesabu. Hata mlio wa amplifaya ya kizamani ya valvu, ndani ya kisanduku hiki, ni hesabu. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa POD, kifaa chekundu chenye umbo kama la haragwe, kilichoiga amplifaya nyingi kwa pamoja. Vikafuata vingine vingi, vya Boss, vya Zoom na vya kampuni nyinginezo, vya bei ya juu na vya bei ya chini. Leo kijana anaweza kuning'iniza begani mzigo ambao zamani ungehitaji kukodi pikapu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kijana huyo hakuokota fedha barabarani. Amejinyima kwa miezi, pengine ukoo mzima umechangia, ili apate kitendea kazi. Siku ya kununua huvaa vipokea sauti masikioni pale dukani, akabonyeza mlio wa kwanza uliopangwa kiwandani, akasikia sauti kubwa kama ya uwanja wa mpira. Moyo wake ukaridhika, akalipa. Hakujua kwamba milio ile imepangwa impendeze mtu mmoja aliyekaa peke yake. Ukumbini hayuko peke yake. Pana watu sita au kumi wanaogombea nafasi katika sikio lile lile la mteja. Akianza kupiga, hasikiki; akiongeza sauti, anakera. Baada ya miezi miwili kiongozi wa bendi anamwambia kwamba kinanda kinatosha. Kazi imekwenda, na kisanduku kinauzwa kwa nusu bei.

Basi tuangalie mambo machache ambayo yangeweza kumwokoa, na hakuna hata moja linalodai fedha.

La kwanza ni spika, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Spika ya kawaida ya amplifaya ya gitaa, ile ya inchi 12, haitoi sauti zote. Ukipita kama Hz 5,000 hivi, nguvu yake huporomoka haraka. Huo si upungufu, ndio utamu wake, kwa sababu hukata miiba ya mkwaruzo na kubakiza nyama. Spika za ukumbi zimetengenezwa kwa kazi nyingine. Hizo hutoa sauti za juu sana ili matoazi na maneno ya mwimbaji yasikike vizuri. Ukichomeka prosesa moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi bila kinga, miiba yote inatoka nje. Hao ndio nyuki wetu, tena wasio na asali. Watengenezaji wanalijua hilo, na karibu kila prosesa ya siku hizi ina sehemu ya kuiga spika ya gitaa. Kanuni ni rahisi. Ukichomeka kwenye mitambo ya ukumbi, sehemu hiyo iwe imewashwa. Ukichomeka kwenye amplifaya halisi ya gitaa, izimwe, maana spika ya kweli ipo tayari, na ukiweka mbili mlio utakuwa kama wa mtu anayesema amejifunika blanketi. Kijana asiyeijua swichi hii moja anaweza kubadilisha visanduku vitano na nyuki wakabaki wale wale.

La pili ni kipimo cha kuingilia. Vifaa vya zamani vilisamehe. Ukivizidishia nguvu vilikwaruza taratibu. Tarakimu hazisamehe. Hesabu ikifika kileleni hukatwa papo hapo, na mkato huo una sauti mbaya isiyofanana na mkwaruzo wowote wa muziki. Dawa yake ni kupiga nyuzi zote kwa nguvu kuliko utakavyopiga jukwaani, kuangalia taa nyekundu ya kuingilia, na kupunguza mpaka iache kuwaka. Kipimo cha kutokea nacho kipatane na mitambo. Fundi wa mitambo akilalamika kwamba unamzidishia, msikilize, hakuonei.

La tatu ni sikio lenyewe. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa maabara za Bell huko Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vyao kuhusu namna mwanadamu anavyosikia. Walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hudhoofika katika sauti nzito za chini na kali za juu, wakati zile za katikati hulifikia kwa urahisi zaidi. Maana yake kwa mpiga gitaa ni hii. Akiwa chumbani usiku, akipiga polepole asiwaamshe majirani, atahisi mlio umepungukiwa, naye ataongeza besi na makali, na katikati atapachimba shimo. Unapendeza sana chumbani. Kesho yake ukumbini, sauti ikiwa kubwa, ile besi ya ziada inapigana na gitaa la besi, yale makali yanapigana na matoazi, na pale katikati ambapo gitaa lina makazi yake hapana kitu. Kwa hiyo mlio wa ukumbini upangwe kwa sauti ya ukumbini, na bendi ikiwa inapiga. Ukisikilizwa peke yake unaweza kuonekana mwembamba, hata wa kuchosha. Usijali. Kitunguu hakiliwi peke yake, bali mchuzi bila kitunguu hauliki.

Jambo hili wazee wetu walilifahamu bila kusoma vitabu vya maabara. Katika bendi kama Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, magitaa hayakukanyagana. Solo lilikuwa na njia yake, rithim lilikuwa na njia yake, na besi chini yao. Wenzetu wa Kongo wakaongeza lile wanaloliita mi-solo, linalopita kati ya solo na rithim. Kila mmoja alijua kiwanja chake. Leo prosesa inaweza kulinda mipaka hiyo kwa kidole kimoja. Uzi mnene wa gitaa la kawaida, ukiachwa wazi, hutoa sauti ya Hz 82 hivi. Ule wa gitaa la besi hutoa 41. Ukikata katika prosesa sauti zilizo chini ya Hz 80 au hata 100, gitaa halipotezi kitu cha maana, na besi inapata pumzi.

La nne ni mkwaruzo na mwangwi, chumvi na pilipili za mpiga gitaa. Solo la dansi letu hupenda kupigwa kwa nyuzi mbili mbili zinazokwenda pamoja. Sauti mbili zikipita kwa pamoja ndani ya mkwaruzo mwingi huzaa sauti nyingine ambazo hukuzipiga, na matokeo yake ni tope. Mkwaruzo ule unaofaa roki, ambako mpigaji hushika uzi mmoja kwa muda mrefu, haufai hapa. Punguza hadi nusu ya ulivyodhani unatosha, kisha punguza tena kidogo. Mwangwi nao ukumbi unao wa kwake, kwa kuta zake na bati zake. Ukiongeza wa kisanduku bila kipimo, noti ya kwanza inaikuta ya tano njiani. Ule mwangwi wa kurudia noti uendane na mwendo wa wimbo. Chukua 60,000, ugawanye kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika unakupa milisekunde 500 kwa pigo zima, au 250 kwa nusu pigo. Kama kisanduku kina swichi ya kugongea mwendo kwa mguu, huna haja hata ya hesabu.

La tano ni umeme. Visanduku vingi hutumia adapta ya volti 9, lakini hasi na chanya havikai upande mmoja katika kila adapta. Adapta ya bei ya chee iliyookotwa mezani inaweza kuleta mngurumo usiokwisha, au kukiua kifaa kabisa. Soma maandishi yaliyo nyuma au chini ya kisanduku kabla ya kuchomeka. Na mngurumo usiufiche kwa geti la kelele lililobanwa mno, maana geti hilo hukata pia mkia wa noti, na wimbo taratibu ukabaki kama mtu mwenye kwikwi.

Sasa, ndugu wasikilizaji, wapo watakaosema kwamba yote haya ni maneno matupu. Kwamba Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na aliyefariki mwaka 1979, hakuwahi kukanyaga kisanduku cha tarakimu, na bado gitaa lake linafahamika kwa noti chache za kwanza. Ni kweli. Lakini tuseme ukweli wote. Mbaraka alisikika kwa sababu ya vidole vyake, na pia kwa sababu alipiga kila siku, kwa sauti ya ukumbini, katikati ya wenzake waliojua kumpisha. Hilo ndilo tulilopoteza, wala halikuibwa na kisanduku. Vijana wetu hufanya mazoezi kila mtu chumbani kwake, hukutana jukwaani saa moja kabla ya watu kuingia, na muda huo wote huishia katika kupima sauti ya mwimbaji. Mpiga gitaa anaambiwa achomeke waya, aanze.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa viongozi wa bendi na wa kwaya ni mmoja. Tengeni saa moja kwa wiki, mitambo ikiwa wazi kwa sauti ya kazini, isiwe ya kufundisha nyimbo mpya bali ya kupanga milio. Mpiga gitaa aanze na kisanduku kikiwa kitupu, efekti zote zimezimwa. Aongeze kitu kimoja kimoja, na mtu mwenye masikio asimame mwisho wa ukumbi aseme kinachosikika. Milio mitatu inatosha: mmoja wa rithim, mmoja wa solo ulioongezwa nguvu kidogo, na mmoja wa nyimbo za polepole. Hiyo mingine mia ya kiwandani iacheni huko huko ilikopangwa. Na wazee mnaolalamika, njooni saa hiyo. Masikio yenu yana thamani kuliko malalamiko yenu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Jembe hili la siku hizi lina taa na vitufe, lakini bado ni jembe, na shamba ni lile lile.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.